Kazi Nne za Neno "Kali"

Ankoro ipo pale mto Luvua unapoingia Lualaba, katika jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Kalemie, makao makuu ya jimbo, iko mbali na njia ni mbovu, kwa hiyo habari hufika kwa redio kabla ya kufika kwa karatasi. Msikilizaji wa huko hutegea sikio taarifa ili aamue jambo: avuke leo au angoje, abaki nyumbani au ahamishe watoto. Katika taarifa hiyo atasikia neno moja mara kwa mara: upepo mkali, njaa kali, mapigano makali, onyo kali, ushindani mkali.

Kivumishi ni kilekile, ila kila nomino hukipa kazi nyingine. Mwandishi anayezijua kazi hizo humsaidia msikilizaji kuamua. Asiyezijua humwongezea hofu tu.

Kali yenye kipimo

Kazi ya kwanza ndiyo nyepesi kusimamia, kwa sababu kipimo kipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa angalizo kwa wavuvi, husema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nahodha wa mtumbwi akisikia hivyo anajua la kufanya. Mwandishi akiikata taarifa ibaki "upepo mkali" peke yake, amemnyima nahodha kile alichokihitaji zaidi.

Afya nayo ina mipaka yake. Mhudumu humfunga mtoto utepe wenye rangi kwenye mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unaonyesha rangi nyekundu, na huo ni utapiamlo mkali unaodai matibabu mara moja. "Njaa kali" ya kwenye kichwa cha habari haina utepe. Inaweza kumaanisha mlo mmoja kwa siku, au bei ya unga iliyopanda, au vifo. Mwandishi aseme ni ipi kati ya hizo.

Kali inayodai shahidi

Vita havina utepe wala kipima upepo. Novemba 2002, jeshi la serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipambana Ankoro. Raia kwa makumi waliuawa, na nyumba kwa maelfu zikachomwa. Baadaye maofisa wa jeshi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Sasa tazama sentensi tuliyoizoea: "Mapigano makali yalizuka Ankoro." Hakuna uongo ndani yake, lakini waliochomewa nyumba hawamo. "Yalizuka" imemficha aliyeanza, na "makali" imechukua nafasi ya waliokufa. Msikilizaji anabaki kudhani kwamba pande mbili zilipigana, zikaumizana, basi. Hapa kivumishi hakitoshi kamwe. Patahitajika mtu aliyeona, mtaa uliochomwa, silaha iliyotumika, na jina la kikosi kama limethibitishwa. Vikipatikana hivyo, "makali" inaweza kuondoka na habari ikazidi uzito.

Kali ya maneno

Serikali hutoa "onyo kali", mabalozi "hulaani vikali", waziri huahidi "hatua kali". Ukali huu ni wa ulimi. Hakuna kilichotendeka bado, ila kivumishi huipa kauli sura ya tendo. Dawa yake ni kunukuu: msemaji alitamka nini hasa, nani atachukuliwa hatua, kwa sheria gani, kufikia lini? Asipokuwa na majibu, habari ni kwamba hakuyatoa, nayo inastahili kuandikwa.

Kali ya sifa

Kwenye michezo na muziki neno hugeuka tamu. Shuti kali, wimbo mkali, ushindani mkali kileleni mwa ligi: hapa mwandishi anasifu, na msomaji anajua. Kenya, "jua kali" limekuwa jina la sekta nzima ya mafundi wadogo, kutokana na wale waliofanya kazi bila paa. Matumizi haya hayamdhuru mtu. Hatari ni mazoea: kalamu inayoitupa "kali" kwenye kila bao huitupa vivyo hivyo kwenye kila shambulio.

Kanuni ya kazi

Makali ni upande wa kisu unaokata, ndiyo maana tunasema makali ya njaa na makali ya maisha. Basi kila unapoandika "kali", jiulize imemkata nani, wapi, kiasi gani. Penye kipimo, toa kipimo. Penye shahidi, mlete shahidi. Penye kauli, inukuu. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, rudi ukatafute habari kabla ya kuisoma hewani, kwa sababu kuna mtu anayeisubiri ili aamue kuvuka mto.