Homa ya Kupe Iandikwe kwa Jina Lake

Kiamunyi, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Ravine, ng'ombe wa maziwa, mbwa na watoto hukaa boma moja. Mfugaji anajua kupe ataleta ndigana kali, hivyo hupuliza mifugo dawa. Lakini mtu akishikwa na homa, hufikiriwa malaria, kisha homa ya matumbo, naye kupe hatajwi. Kasoro hii inatokana na kutoujua ugonjwa wenyewe na mahali ulipoainishwa.

Homa ya kupe huletwa na riketsia, bakteria wanaoishi ndani ya seli za kuta za mishipa ya damu. Siku kadhaa baada ya kuumwa na kupe, mgonjwa huanza homa, maumivu ya kichwa na misuli, pengine vipele, na mara nyingi kigaga cheusi pale alipoumwa. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, nambari A77.1 inabeba jina la nchi yetu: taifasi ya kupe ya Kenya. Hiyo ni ya Rickettsia conorii, anayeenezwa na kupe wa mbwa na anayeweza kuua. Mwaka 1996 Rickettsia africae alitambuliwa kuwa spishi ya pekee; huenezwa na kupe wa ng'ombe, na amepatikana katika kupe wa Maasai Mara. Homa ya matumbo ni jambo jingine kabisa: inaletwa na Salmonella katika chakula na maji machafu.

Wapo watakaosema uainishaji huu ni wa maabara tu, maana spishi zote mbili hutibiwa kwa doksisaiklini. Ni kweli, ila amoksisilini, inayonunuliwa kwa wepesi dukani, haiwezi riketsia, na anayetibiwa homa ya matumbo hapewi ushauri kuhusu kupe. Wengine watasema zahanati hazina kipimo. Hata penye kipimo, kingamwili huchelewa wiki moja au zaidi, kwa hiyo tiba huanzishwa kwa dalili. Hofu ya kutumia antibiotiki ovyo ni ya haki; jibu lake ni uchunguzi makini. Malaria ipimwe kwanza. Isipoonekana, mhudumu aulize kuhusu mbwa na ng'ombe, akague kwapa, kinena, nyuma ya magoti na kichwani, kisha aandike anachoshuku kwenye rejista. Bila maandishi hayo, kaunti haitajua wagonjwa ni wangapi wala dawa kiasi gani inahitajika.