Maji ya Paa Yanayoibukia Sakafuni

Majira ya baridi yakiingia Chicago, udongo wenyewe huganda. Maji yaliyomo yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na udongo unaoganda unaweza kuinua msingi usiozama vya kutosha. Kwa hiyo misingi ya jiji hilo hushushwa zaidi ya mita moja, na mjenzi aliyekwisha kuchimba hadi huko akiongeza kina kidogo tu anapata chumba kizima chini ya nyumba: besimenti. Humo hukaa mtambo wa kupasha nyumba joto na mashine ya kufulia, na mara nyingi hulala watu. Maji ya mvua nayo hukimbilia humohumo.

Hesabu ianzie juu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50, lita 5,000 zinashuka kando ya kuta. Udongo wa asili wa Chicago ni mfinyanzi mzito ulioachwa na barafu za kale, haupitishi maji haraka. Lakini shimo la msingi huchimbwa pana kuliko nyumba, kisha pengo hufukiwa kwa udongo uliolegea. Nyumba inabaki imekaa ndani ya karai. Karai hilo likijaa maji ya kina cha mita moja, sehemu ya chini ya ukuta inasukumwa kwa uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba, na zege, hata likionekana gumu namna gani, lina vinyweleo na nyufa.

Ndiyo sababu siiamini rangi ya kuzuia maji inayopakwa ukutani kwa ndani. Maji yanaisukuma kutoka nyuma hadi ibanduke, na chumvi nyeupe inatokeza palepale. Dawa iko nje: mifereji ya paa isiyoziba majani, bomba la kushushia maji linaloyatupa mbali na ukuta, na ardhi inayoteremka kama sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Chini kabisa, kando ya msingi, hulazwa bomba lenye matundu ndani ya kokoto, lipeleke maji kwenye shimo la pampu.

Hata hivyo, ukuta mkavu haumalizi kazi. Mwaka 1855 mhandisi Ellis Chesbrough alichora mpango wa mabomba ya majitaka ya Chicago. Ardhi ilikuwa tambarare na chini mno, hata barabara zikainuliwa na majengo ya matofali yakapandishwa kwa jeki ili mabomba yapate mteremko. Mabomba hayo yalibeba mvua na majitaka pamoja, na sehemu kubwa ya jiji bado iko hivyo. Mvua kubwa ikiyajaza, maji machafu hurudi nyuma na kuibukia kwenye tundu la chini kuliko yote, yaani la sakafu ya besimenti. Yamechimbwa mahandaki ya kina kirefu ya kuyapokea maji hayo, ya karibu kilomita 175, yaliyokamilika mwaka 2006, lakini mabomba ya mitaani hayawezi kuyafikishia maji haraka vya kutosha. Tarehe 2 Julai 2023 familia nyingi za upande wa magharibi zilikuta vyumba vyao vya chini vimefurika.

Anayemudu huweka vali ya kuzuia maji yasirudi. Ni kinga nzuri, ila ikijifunga inafunga pande zote mbili: maji ya bafuni na ya kufulia ya nyumba hiyohiyo nayo hayana pa kutokea. Na kama bomba la paa bado limeungwa kwenye majitaka kabla ya vali, zile lita 5,000 zitapanda sakafuni bila msaada wa jirani yeyote. Bomba hilo likatwe kwanza, lielekezwe bustanini, ndipo fundi wa vali aitwe.