Anayezunguka Lamu kwa miguu sharti asome maji kwanza

MGENI anayezuru kisiwa cha Lamu aghalabu huishia katika sehemu mbili: vichochoro vya Mji wa Kale, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ufuo wa Shela ulio takriban kilomita tatu kusini mwa mji huo. Hupiga picha, akaoga baharini, kisha akavuka kwenda Manda kupanda ndege. Ni wachache wanaotambua kwamba kisiwa chenyewe chaweza kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja, mtu akaondoka gatini alfajiri na kurejea papo hapo magharibi bila kukanyaga njia ile ile mara mbili.

Mzunguko huo huanzia mjini hadi Shela, ukafuata fuo za kusini kuelekea magharibi, ukaingia kijiji cha Kipungani, ukapanda hadi Matondoni upande wa kaskazini, kisha ukakata bara ya kisiwa kurudi mjini. Kwa mtu mwenye miguu mizima ni mwendo wa muda wa saa 8 au 9, mbali na mapumziko. Si njia iliyotengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni vijia vya wavuvi, wasukaji mikeka na wenye punda, vilivyounganishwa na ufuo usiokaliwa na watu.

Wengi wanaokusudia safari hii huuliza kwanza umbali. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: maji yanakupwa saa ngapi?

Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja, na kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache. Kwa sababu ya ziada hiyo, saa ya maji husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Aliyekuta ufuo mpana saa nne asubuhi leo asidhani atauona vivyo hivyo saa nne juma lijalo. Huenda akakuta bahari imejaa.

Kisha kuna tofauti ya bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo miwili hupingana, maji yakawa mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana.

Hapa ndipo mwenyeji wa Lamu anapomzidi mgeni mwenye simu ya bei ghali. Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, anayejua leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu anajua pia bahari itakuwaje, bila kufungua jedwali lolote. Tarehe moja hadi tatu, na 15 hadi 17, ni siku za bamvua. Na katika pwani ya Kenya siku za bamvua zina tabia moja inayomfaa mno mtembezi: maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na asubuhi hiyo hiyo ndiyo huwa wakati wa maji kujaa.

Kwa hivyo hesabu ni nyepesi. Chagua siku moja baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Ondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi. Utafika Shela maji yakiwa bado yanashuka, na kilomita zote za ufuo utazitembea juu ya mchanga mgumu ulioachwa na bahari. Anayekosea hesabu hulazimika kupanda kwenye mchanga mkavu wa juu, ambao kila hatua moja mbele hukurudisha nusu nyuma. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya kosa hilo, akatoka mjini saa tatu baada ya kunywa chai kwa utulivu siku ya maji mafu. Alifika Shela viatu vikiwa mkononi na suruali imelowa hadi magotini, na safari ikafia hapo hapo.

Hata kipande cha kwanza, kutoka mjini hadi Shela, hutegemea maji. Yakiwa yamepwa, unafuata ukingo wa bahari kwa dakika 40 hivi, Manda ikiwa ng'ambo ya mlango upande wa kushoto. Yakiwa yamejaa, sehemu ya njia hufunikwa, na sharti upite ndani nyuma ya majumba.

Shela ni mji mdogo wenye historia ndefu. Mapokeo yanasema wakazi wake wa asili walihama kutoka Takwa, mji uliobaki magofu kisiwani Manda, na kumbukumbu hiyo haijakatika, kwani watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuzuru kaburi la mnara lililoko huko na kuomba mvua. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mrefu mweupe uonekanao kutoka baharini, ulijengwa mwaka 1829.

Hata hivyo, jina la Shela limehifadhiwa zaidi na vita. Mwanzoni mwa karne ya 19, yapata mwaka 1812, jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa lilishuka ufuoni hapo likikusudia kuitia Lamu mkononi. Watu wa Lamu waliwakabili na kuwashinda. Simulizi za mahali hapo zinaeleza kwamba wavamizi walipokimbilia majahazi yao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, wakauawa kwa wingi hapo hapo. Lamu, ikihofia kisasi, iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ni tunda la hofu hiyo. Pengine utawala wa Oman katika pwani hii ungalichukua sura nyingine laiti bahari ingalichelewa kupwa siku ile.

Ukiipita Shela na kukunja kona, mlango baina ya Lamu na Manda unabaki nyuma na Bahari ya Hindi inafunguka mbele yako. Hapa hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi kama ilivyo Malindi au Diani. Mawimbi hufika ufuoni yakiwa na nguvu zao zote. Penye kona, hasa maji yanapotoka, kuna mkondo mkali uwezao kumchukua hata mwogeleaji hodari. Anayetaka kuoga na aingie hadi kiunoni tu, na asiingie akiwa peke yake.

Kuanzia kona hiyo ni ufuo mtupu wa kilomita 12 hivi. Upande mmoja bahari, upande wa pili matuta ya mchanga mweupe. Hakuna kijiji, hakuna mti wa kivuli unaostahili jina hilo, na usitarajie duka. Mtu mmoja achukue lita tatu za maji kwa uchache, kofia, na shati la mikono mirefu. Mwendo huu wa kuelekea magharibi asubuhi una faida moja ambayo wengi hawaifikirii: jua linakuwa mgongoni. Alasiri, ukitoka Matondoni kurudi mjini upande wa mashariki, jua tena liko nyuma yako. 

Matuta hayo yanastahili mtu asimame na kuyaangalia, kwani si pambo la ufuo tu. Ndiyo tangi la maji la kisiwa.

Lamu haina mto. Mvua inayonyesha juu ya mchanga huu haitiririki kwenda baharini, bali huzama moja kwa moja. Chini inakutana na maji ya chumvi yaliyojipenyeza kutoka baharini, lakini haichanganyiki nayo upesi, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Hukaa juu yake, yakielea, katika umbo la kitu kilichovimba katikati na kupungua pembezoni. Wataalamu wa maji hukadiria kwamba, katika hali ya namna hii, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 nyingine zilizo chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo hufurahisha ikisomwa kutoka juu kwenda chini, na kutisha ikisomwa kinyume. Visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ukivuta maji hadi yakashuka mita moja, chumvi nayo hupanda kutoka chini kwa kiasi hicho hicho cha mara 40, na kisima kilichoingiwa na chumvi hakiponi kwa mvua ya msimu mmoja. Tuta likisawazishwa ili kujenga nyumba, mchanga unaopokea mvua hupungua, na shimo la choo huchimbwa juu ya maji ambayo watu wa mjini wanayanywa.

Hii ndiyo sababu eneo la matuta limewekewa ulinzi wa kisheria, na ndiyo sababu kila mara linapotajwa suala la viwanja huko, wakazi wa Lamu hupandisha sauti. Shela imekuwa kipenzi cha wageni na matajiri kutoka mbali, na hamu ya nyumba yenye kuitazama bahari haina mwisho. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayetaka kuelewa ubishi huo asianze na hati za ardhi. Atembee hapa kwanza, aone jinsi kilicho baina ya mji mzima na kiu kilivyo chembamba.

Mtembezi naye ana wajibu wake. Mchanga wa matuta hushikiliwa na mimea michache, hasa mlakasa, ule utambaao wenye maua ya zambarau. Ukikanyagwa ukafa, upepo wa kusi huanza kuchota mchanga. Kwa hiyo pita chini, pale bahari ilipopigapiga mchanga, na ukitaka kuona mandhari kutoka juu tafuta mahali palipokwisha kukanyagwa. Kasa pia hutaga katika fuo za visiwa hivi. Ukiona mburuzo mpana unaotoka baharini kupanda juu, usiufuate wala usichimbue.

Mnamo saa tano ufuo unaishia katika ncha ya kisiwa, na mambo hubadilika ghafla. Mawimbi yananyamaza na mikoko inaanza. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Kaunti ya Lamu, na kwa muda mrefu boriti zake ndizo zilizoezeka majumba ya mji ule ulioondoka alfajiri.

Kipungani ni kijiji cha wavuvi na wasukaji. Wanawake husuka mikeka, kofia na vikapu vya miaa, na kununua kitu kimoja hapo ni malipo ya haki kwa kivuli utakachokaa. Pumzika hapa hadi saa nane, jua la mchana lipite. Mavazi ya heshima yanatarajiwa, na si vyema kumpiga mtu picha kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa.

Kutoka Kipungani hadi Matondoni ndipo watu wanapopotea. Vijia hugawanyika mara nyingi kati ya mashamba na mikoko, na kijia kinachoonekana kukanyagwa sana huenda kikakufikisha kwenye tope la mkono wa bahari. Tafuta kijana wa kijijini akuongoze, mkipatana bei kabla ya kuondoka. Ujira wake ni mdogo ukilinganisha na kulala porini, na kwa vyovyote si busara kuifanya safari hii ukiwa peke yako, wala bila kuwaarifu wenyeji wako mjini unapokwenda.

Ukifuata hesabu ya bamvua, utaingia Matondoni saa kumi, maji yakiwa yamejaa. Ni wakati mzuri kuliko wowote wa kukiona kijiji hiki, ambacho sifa yake ni uundaji wa vyombo. Mashua zilizokuwa zimelala ubavu asubuhi huwa zinaelea, na palipo na chombo kipya utasikia nyundo na tezo. Mafundi wengi hufanya kazi bila mchoro. Vipimo viko machoni.

Aliyechoka aweza kukodi mashua hapo kurudi mjini, mradi asichelewe, maana yakianza kutoka hayamngojei mtu. Mwenye nguvu atashika njia ya mchanga ya kukata kisiwa, mwendo wa saa mbili kupitia minazi na miembe, akipishana na punda waliobebeshwa kuni na mawe. Miezi ya mvua ya masika, Aprili hadi Juni, njia hiyo hujaa maji. Januari hadi Machi ni kavu lakini joto lake ni kali.

Adhana ya magharibi huwa inasikika kabla ya nyumba za kwanza kuonekana. Utaingia mjini kwa nyuma, upande wa mashamba, na kuteremka vichochoroni hadi gatini, ambako bahari itakuwa inashuka tena.