Je, Wajua? Hewa ya Moto Inapotoka Kwenye Nozeli

Je, wajua kwamba hewa inayokimbia ndani ya bomba imesimama kabisa pale inapogusa ukuta? Kasi huanzia sifuri ukutani, kisha hupanda haraka ndani ya utando mwembamba uitwao tabaka la mpaka. Katika nozeli ndogo za maabara, yaani vipande vya bomba vya kutolea hewa, utando huo mara nyingi haufiki hata milimita moja.

Je, wajua nani aliyeufafanua? Ni Mjerumani Ludwig Prandtl, mwaka 1904, kwa hotuba fupi mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg. Kabla yake, hesabu za hewa isiyo na mnato zilidai kwamba kitu kinachokata hewa kwa mwendo usiobadilika hakipati ukinzani wowote, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kukabiliana na upepo alijua si kweli.

Je, wajua kwamba joto huongeza mnato wa hewa? Mafuta ya kupikia yakipashwa hulegea. Hewa hufanya kinyume. Ikifika nyuzi 500 za Selsiasi, mnato wake huwa karibu mara mbili ya ule wa nyuzi 20, huku uzito wake kwa ujazo uleule ukishuka chini ya nusu. Kwa kasi ileile, tabaka la mpaka lililo tulivu hunenepa zaidi ya mara mbili.

Dawa ya unene huo? Nozeli hubanwa taratibu kuelekea mdomoni. Hewa inapoongeza kasi, tabaka huwa jembamba.

Je, wajua kinachotokea ukuta unapoishia? Tabaka lililokuwa limeegemea chuma hujikuta kati ya hewa inayokimbia na hewa iliyotulia. Huyumba, hujikunja, kisha huwa pete za hewa zinazozunguka na kuvuta hewa baridi ndani ya mkondo.

Hapa ndipo pananisisimua kuliko pengine pote. Mwaka 1990, mtafiti Peter Monkewitz na wenzake walieleza jinsi mkondo wa hewa moto unavyoweza kutikisika wenyewe, kwa mapigo ya kawaida, pasipo kusukumwa na chochote kutoka nje. Sharti ni wepesi: msongamano wa hewa ya mkondo ushuke hadi karibu 0.7 ya ule wa hewa inayouzunguka. Chumba kikiwa na nyuzi 20, hiyo ni hewa ya nyuzi 145 hivi, joto ambalo jiko la kuokea hulipita kwa urahisi. Lakini tabaka la mpaka mdomoni lazima liwe jembamba na tulivu. Likinenepa mno, mtikisiko hufifia. Utando usioonekana ndio unaoamua tabia ya mkondo mzima!

Je, wajua kwamba mikondo husikia? Mwaka 1858, Mmarekani John LeConte aliona miali ya taa za gesi, ambayo nayo ni mikondo ya gesi, ikirukaruka kufuata muziki.

Nayo mikondo hupiga kelele. Mwingereza James Lighthill alionyesha mwaka 1952 kwamba nguvu ya kelele ya mkondo hukua kwa kipeo cha nane cha kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kelele huongezeka mara 256.

Ukiwa uwanja wa ndege Nairobi au Dar es Salaam, tafuta Boeing 787 ya Kenya Airways au ya Air Tanzania. Tazama ukingo wa nyuma wa kasha la injini: una meno kama ya msumeno. Yamewekwa ili mkondo uchanganyike na hewa ya nje mapema, kelele ipungue.