Pambizo ya Upasuaji: Istilahi Inayohitaji Uangalifu

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazohitaji kufafanuliwa kwa uangalifu ni zile zihusuzo upasuaji wa saratani ya kinywa. Neno saratani limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Mfano huo unafaa, kwani uvimbe wa saratani haukai kama kokwa ndani ya tunda, bali hupenyeza seli zake katika tishu za jirani, mithili ya kaa anyooshaye miguu mchangani.

Kwa sababu hiyo, daktari mpasuaji hakati palepale uvimbe unapoonekana kuishia. Huondoa pamoja nao ukanda wa tishu zinazoonekana kuwa nzima, aghalabu wa sentimita 1 hivi, pembeni na chini pia. Ukanda huo tunapendekeza uitwe pambizo, neno ambalo wasomaji wanalijua tayari kwa maana ya sehemu tupu iliyo ukingoni mwa ukurasa. Neno mpaka halitoshi, kwa kuwa mpaka ni mstari tu, ilhali pambizo ina upana uwezao kupimwa.

Kipimo hicho ni kazi ya mtaalamu wa patholojia. Yeye hupaka wino kwenye nyuso zilizokatwa, kisha hutumia hadubini kupima umbali baina ya seli ya mwisho ya saratani na wino huo. Ukifika milimita 5 au zaidi, kwa kawaida pambizo huhesabiwa kuwa salama. Tofauti baina ya sentimita 1 ya mpasuaji na milimita 5 za hadubini isimshangaze msomaji: tishu hunywea baada ya kukatwa na kuhifadhiwa katika fomalini, tena seli huweza kufika mbali kuliko jicho lionavyo. Hata hivyo mpasuaji hawezi kukata apendavyo, kwani ulimi na taya ndiyo matamshi na ndiyo chakula cha mgonjwa.

Hatari ya kilugha huanza wakati wa kutoa majibu. Seli za saratani zikikutwa kwenye wino, mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno ataandika "pambizo chanya". Tumfikirie mkulima wa Endagikot, wilayani Mbulu, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na daktari, iwe Haydom au Muhimbili. Akiambiwa majibu ni chanya, atashukuru na kurudi shambani, kumbe huenda saratani imebaki kinywani, naye alipaswa kupasuliwa tena au kutibiwa kwa mionzi.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu:

Pambizo safi: yenye upana wa milimita 5 au zaidi bila seli za saratani.

Pambizo finyu: isiyo na saratani kwenye wino, lakini upana wake haufiki milimita 5.

Pambizo yenye saratani: ambayo seli za saratani zimefika kwenye wino. Wataalamu wengi huhesabu humo hata umbali usiofika milimita 1.

Istilahi ya tatu ni ndefu kuliko "chanya", lakini mgonjwa akiisikia hatahitaji mkalimani. Wasomaji, hasa waganga na wauguzi, wanaalikwa kutoa maoni yao.