Herufi Inayofuata Jina la Homa ya Ini

"Homa ya ini" ni jina moja la maradhi kadhaa. Mgonjwa wa Musumba, makao ya Mwaant Yaav kaskazini-magharibi mwa Kolwezi, hupewa cheti cha Kifaransa ambamo neno hépatite hufuatwa na herufi moja. Habari inapofasiriwa nyumbani kwa Kiswahili, herufi hiyo huweza kudondoka. Wengine husema "homa ya manjano", ambayo katika Kiswahili sanifu ni ugonjwa mwingine kabisa, uenezwao na mbu.

Kudondoka huko si jambo dogo. Kirusi C, kilichotambuliwa mwaka 1989, huambukizwa kwa damu, hasa kwa sindano zisizotakaswa. Njia hiyo hiyo hupitisha kirusi B na kile cha Ukimwi, au SIDA kama waitavyo Wakongo. Basi mtu mmoja huweza kuwa navyo vyote vitatu. Mwenye C pamoja na Ukimwi, ini lake hupata makovu upesi zaidi. Hatari ya mwenye C na B imejificha: mara nyingi C hukidhoofisha B, kikaonekana kama kimelala. Vidonge vya siku hizi hukiondoa C kwa wagonjwa walio wengi katika majuma 8 hadi 12. Hapo B huweza kuamka na kuliangamiza ini. Ndiyo sababu mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka kila mgonjwa apimwe B kabla ya tiba hiyo.

Mgonjwa aulizwapo Kolwezi kama amewahi kuugua "homa ya ini", akajibu ndiyo, bado hajaulizwa swali lenyewe.