Korodani za Mtoto Ziangaliwe Mapema

Mwanamume hutengeneza mbegu za uzazi tangu kubalehe hadi uzeeni. Mbona haziishi? Ndani ya korodani mna chembe-mama. Zinapogawanyika, baadhi hubaki chembe-mama, kama mkulima anavyojiwekea mbegu za msimu ujao. Nyingine hukomaa kuwa mbegu za uzazi kwa muda wa miezi 2 na nusu hivi.

Akiba hiyo mtoto huzaliwa nayo, na joto la tumboni huiharibu. Ndiyo maana korodani hukaa nje, mahali penye ubaridi. Basi, wazazi, mtoto akifikisha miezi 6 na korodani moja haijashuka mfukoni, tunawasihi mleteni hospitali. Upasuaji hufaa kabla ya miezi 18. Msingoje akue, wala msione haya.